Methanoli si pombe

Wiki iliyopita, katika zoezi la tafsiri, tulipewa makala ya Kifaransa kuhusu meli zinazotumia methanoli badala ya mazutu. Mwenzetu mmoja aliandika "pombe ya meli". Darasa likapiga makofi: hatimaye tumepata neno la Kiswahili! Mimi sikupiga.

Najua alikolitoa. Wanakemia huiweka methanoli katika jamii moja na kileo kilichomo ndani ya bia. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili, pombe ni kitu cha kunywa. Methanoli haina rangi, harufu yake inafanana na ya kileo, na kiasi kidogo tu kinaweza kumpofusha mtu au kumuua.

Mtaniambia meli hizo ziko mbali. Ni kweli: tangu 2015 Stena Germanica inaitumia kati ya Göteborg, Sweden, na Kiel, Ujerumani, na mwaka 2023 ikaja Laura Mærsk, meli ya makontena. Lakini chini ya Ziwa Kivu kuna methani, gesi ambayo kiwandani hugeuzwa kuwa methanoli. Ng'ambo, Rwanda, tayari wanaichoma kupata umeme. Siku bidoni za methanoli zikifika bandari ya Goma au Bukavu, mfanyakazi wa chombo atasoma neno tulilomchagulia sisi.

Makala ile ilikuwa na mtego wa pili: "mafuta safi". Methanoli haina salfa, na masizi yake ni machache kuliko ya mazutu. Hata hivyo, ikiungua hutoa kaboni. Iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe na iliyotengenezwa kwa takataka za mimea ni kitu kimoja ndani ya tangi; tofauti iko kwenye asili yake. Mtafsiri anayeandika "safi" bila kutaja asili amemsaidia muuzaji, si msomaji.

Najua walimu wetu wanatuhimiza tusikimbilie maneno ya kukopa. Nakubali, ila si hapa. Napendekeza tuandike "methanoli", na mara ya kwanza tuongeze: "sumu, haifai kunywewa". Neno geni litamfanya msomaji aulize. Neno "pombe" litamfanya aonje.

Asiyekubaliana nami aandike katika toleo lijalo.