Wachina wa Afrika Kusini: Siku mahakama ilipowatangaza kuwa weusi

JUNI 18, 2008 Mahakama Kuu ya Pretoria ilitoa hukumu ambayo kwa msomaji aliye mbali ilionekana kama kichekesho. Ilitamka kwamba Wachina wa Afrika Kusini ni watu weusi.

Haikuwa hukumu juu ya rangi ya ngozi. Sheria ya usawa katika ajira ya mwaka 1998, pamoja na ile ya kuwawezesha weusi kiuchumi ya mwaka 2003, zilitafsiri neno “weusi” kuwa ni Waafrika, machotara na Wahindi. Wachina hawakutajwa. Matokeo yake, mabenki na makampuni yaliwahesabu wafanyakazi wao Wachina pamoja na wazungu, wakakosa hisa na vyeo vilivyotengwa kwa waliobaguliwa. Chama chao kiliandikiana barua na serikali kwa miaka kadhaa, kisha kikaenda mahakamani. Mwishowe mawaziri waliohusika hawakuipinga kesi.

Hata hivyo, baadhi ya jumuiya za wafanyabiashara na wataalamu weusi ziliilaani hukumu hiyo. Itakumbukwa kuwa mwezi mmoja kabla, Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilikuwa zimeua watu zaidi ya 60 nchini humo. Kwa mwananchi asiye na ajira, kusikia kwamba Mchina naye sasa ni mweusi kulikuwa sawa na kutiwa chumvi kidondani.

Tatizo ni kwamba wengi waliosikia neno “Mchina” walimfikiria mwenye duka aliyeteremka kwenye ndege juzi. Waliofungua kesi walikuwa watu wengine kabisa.

Historia yao huanzia, kwa makosa, kwenye machimbo ya dhahabu. Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu vilivyokwisha mwaka 1902, migodi ya Witwatersrand ilikosa vibarua, na kuanzia mwaka 1904 waliletwa Wachina zaidi ya 63,000, wengi kutoka kaskazini ya nchi yao, kwa mikataba ya miaka mitatu. Walifungiwa kambini, na kelele za “utumwa wa Wachina” zilichangia kukiangusha chama cha Conservative katika uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 1906. Kufikia mwaka 1910 walikuwa wamerudishwa kwao.

Wachina wa leo wenye mizizi hawakutokana na hao. Babu zao walikuwa wahamiaji huru kutoka jimbo la Guangdong, kusini, waliokuja mmoja mmoja kuanzia karne ya 19, baadhi wakipitia Mauritius. Walivutwa na dhahabu, lakini sheria za Transvaal hazikuwaruhusu kuichimba wala kumiliki ardhi. Basi wakafungua vijiduka. Wengine wakaendesha fafi, bahati nasibu ya namba 36 ambayo akina mama wa vitongojini waliicheza kwa kufasiri ndoto zao. Serikali iliiharamisha, lakini fafi haikufa.

Serikali ya Transvaal ilipowataka Waasia wote wajiandikishe na kuchukuliwa alama za vidole, Wachina waligoma pamoja na Wahindi. Barua ya Januari 1908 kwa Jenerali Jan Smuts iliyofungua njia ya mapatano ilitiwa saini na watu watatu: Mohandas Gandhi, Thambi Naidoo na kiongozi wa Wachina, Leung Quinn. Miezi michache nyuma, kijana Chow Kwai For, aliyejiandikisha bila kuelewa maana yake, alijiua kwa aibu. Vitabu vingi vinavyomsifu Gandhi haviwataji wawili hao.

Ubaguzi ulipofanywa kuwa sera ya taifa baada ya mwaka 1948, watawala walikwama. Hawa waliwekwa wapi? Walipachikwa katika kundi la machotara, kama tawi lake. Uhamiaji wao ulifungwa mwaka 1953. Wenye maduka Sophiatown walibomolewa pamoja na majirani zao Waafrika. Walikuwa wachache mno kutengewa maeneo yao kila mji, hivyo waliotaka kuishi mitaa ya wazungu walitakiwa kuomba kibali, na majirani wakaulizwa kama wanaafiki.

Mwaka 1962 Mchina mmoja wa Durban alifanikiwa kutambuliwa kuwa mzungu kwa hoja kwamba jamii ya wazungu ilimkubali. Serikali ilishtuka ikabadili sheria. Miaka hiyo hiyo Wajapani, walionunua chuma cha Afrika Kusini, walipewa heshima ya uzungu. Ilibidi kondakta wa basi ajue kumtenganisha Mjapani na Mchina kwa kumtazama usoni.

Kisha wakaja Wachina wa Taiwan, marafiki wa utawala uliotengwa na dunia kama wao. Walipewa ruzuku wajenge viwanda karibu na maeneo waliyosukumiwa Waafrika, kama Dimbaza. Hawa hawakuonja vikwazo walivyoonja wenyeji. Hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba Wachina wote walikula sahani moja na Makaburu.

Pretoria ilipohamishia uhusiano wake Beijing mwaka 1998, ilikuwa imeanza kuja safu ya tatu: watu wa Fujian na majimbo mengine ya Bara, wenye vijiduka vya nguo na viatu hadi miji midogo isiyo na benki. Idadi yao hukadiriwa kwa mamia ya maelfu. Wale wa kale hawazidi sana 10,000.

Hukumu ya Pretoria inawahusu hao wachache tu, yaani waliokuwa raia kabla ya Aprili 27, 1994 na vizazi vyao. Mwenye duka kutoka Fujian hapati kitu, hata akichukua uraia leo. Kisheria mpaka huo uko wazi. Mtaani hauonekani, na lawama za bidhaa hafifu au rushwa ya uhamiaji humwangukia hata mjukuu wa muuza duka wa Sophiatown, asiyejua neno la Kichina.

Mwaka 2017, baada ya kipindi cha televisheni kuhusu biashara ya ngozi za punda, kurasa za Facebook zilijaa matusi dhidi ya Wachina, mengine yakitaka wauawe. Chama cha Wachina cha Gauteng kiliwashitaki walioyaandika katika mahakama ya usawa jijini Johannesburg. Kilishinda mwaka 2022. Walioandika hawakuwa wamebagua kati ya Wachina wa mwaka 1904, wa 1980 au wa 2010.