Bright Stars wachague vijana, wawavumilie

Septemba 5, 2015, hapa Juba, Bright Stars waliifunga Guinea ya Ikweta 1-0, ushindi wetu wa kwanza katika soka ya kimataifa. Tangu hapo tumefungwa mara nyingi, na kila tukifungwa kilio ni kile kile: waletwe wachezaji kutoka ughaibuni.

Mimi mwenyewe nilisomea uhamishoni, sina kinyongo na wanaotoka nje. Ninachopinga ni kuokoteza wachezaji siku chache kabla ya mechi, kisha kuwasahau.

Tuwatazame wenzetu wa mpira wa kikapu. Katika Olimpiki ya Paris 2024 walimchezesha Khaman Maluach, kijana wa miaka 17 aliyekulia Uganda. Mwaka 2025 alichaguliwa wa 10 na timu za NBA. Hawakumchagua kwa sababu ameiva. Walinunua miaka yake ijayo.

Shirikisho la soka nalo lichague vijana wa chini ya miaka 20, wawe wa Juba, Kakuma au Australia. Liwaweke pamoja miaka minne, hata wakifungwa. Mwanafunzi anayebadilishiwa shule kila muhula hafaulu. Ualimu umenifundisha hilo. Samaki mkunje angali mbichi.