Waheshimiwa Nao Wakaguliwe



Swali moja limeletwa kwetu na baadhi yenu, nalo limebishaniwa sana wakati wa chai. Je, mtu anayetaka kuchaguliwa Ubunge, Useneta, Ugavana au Udiwani achunguzwe kwanza mwenendo wake na vyombo vya Serikali, kama achunguzwavyo mtu mwingine aombaye kazi? Wengine wasema ndiyo, tena upesi. Wengine wasema la, maana kazi ya kuchagua ni ya mpiga kura, si ya polisi. Pande zote mbili zina maneno ya maana, kwa hiyo yafaa tuyapime kwa utulivu.

Kwanza tutazame hali yetu sisi. Kazi nyingi katika mji huu hazipatikani pasipo cheti cha tabia njema. Mtu atakwenda kupakwa wino vidole vyote kumi, atalipa ada, kisha atangoja majibu. Kondakta wa matatu ya Likoni hapewi beji pasipo cheti hicho. Dereva wa gari-moshi hupimwa hata macho. Hatulalamiki kwa hayo. Abiria ana haki ya kujua anayemwendesha ni mtu wa namna gani.

Hata vyama vya wafanya kazi vimewekewa mpaka. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yamkataza mtu aliyepatikana na hatia ya ulaghai kuwa afisa wa chama. Basi katibu wa tawi, ambaye sanduku lake halina fedha za kujaza kofia, asimame kando kwa kosa la udanganyifu. Je, atakayeshika mabilioni ya Kaunti?

Sheria ya waheshimiwa ipo, hilo twalijua. Katiba ya mwaka 2010 ina Sura ya Sita, inayohusu uongozi na uadilifu. Kifungu cha 75 chasema kuwa mtu aliyeondolewa katika cheo kwa kuvunja maadili hawezi kushika cheo kingine cha Serikali. Kifungu cha 99 chamzuia mwenye hukumu ya kifungo cha miezi sita au zaidi. Lakini kifungu hicho hicho chasema kuwa hazuiwi mpaka rufani zake zote ziishe. Nanyi mwajua rufani zaenda mwendo gani: gari la mizigo lililopandisha Mazeras wakati wa mvua laweza kuitangulia. Kisha Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 yamtaka mgombea ajaze fomu ya kujieleza mwenyewe. Yaani mtu huulizwa, “Wewe ni mwema?” naye huandika, “Naam, mimi ni mwema,” akatia sahihi.

Matokeo yake tuliyaona. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi iliipelekea Tume ya Uchaguzi majina ya wagombea 241 waliokuwa na maswali ya uadilifu. Wengi wao waliruhusiwa kusimama, kwa kuwa sheria yataka hukumu iliyokamilika.

Mwaka huo huo jambo hili lilifika mlangoni petu hapa Mombasa. Bw. Mike Sonko, aliyekuwa Gavana wa Nairobi na kuondolewa na Seneti mwezi wa Desemba 2020, alikuja kutaka Ugavana wa Kaunti yetu kwa tikiti ya Wiper. Ilibidi kesi zipande na kushuka, hata Mahakama ya Juu ikasema mwezi wa Julai 2022 kwamba kuondolewa kwake kulikuwa halali. Watu wa Mombasa walipopiga kura ya Gavana tarehe 29 Agosti, jina lake halikuwamo. Kifungu cha 75 kilifanya kazi, lakini kilifanya kazi dakika ya mwisho, na baada ya mtu huyo kuwa Mbunge mwaka 2010, Seneta mwaka 2013 na Gavana mwaka 2017. Naye mwenyewe alisema hadharani kuwa mwaka 1998 alitoroka katika gereza la Shimo la Tewa, hapo ng'ambo tu, kwa sababu ya kifo cha mama yake. Pengine wapiga kura wa Nairobi wangemchagua vile vile, nao wangekuwa na haki hiyo. Neno letu ni kwamba jambo la namna hiyo lafaa kumfikia mpiga kura kama hati iliyobandikwa ubaoni kabla ya kura, wala si kama uvumi wa barazani.

Hayo ndiyo ya wanaosema ndiyo. Sasa tuwasikilize wanaosema la, maana nao hawasemi ovyo. Wanakumbuka.

Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa mji huu, wa bandari, wa reli na wa majumbani, waligoma kwa siku zaidi ya kumi. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo, akahamishwa Baringo akakaa huko karibu miaka kumi. Makhan Singh, aliyesimamisha muungano wa vyama vya wafanya kazi, alizuiliwa tangu 1950 hata 1961. Kama Serikali ya siku zile ingeulizwa ni nani mtu wa hatari kwa usalama, majina hayo mawili yangekuwa ya kwanza katika orodha. Mwaka 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Mkikuyu, Membu na Mmeru hawakuweza kupiga kura pasipo cheti cha utii. Na Jomo Kenyatta, kwa kuwa alifungwa mwaka 1953, alikuwa amezuiwa na sheria kuingia katika Baraza hilo, mpaka sheria ilipobadilishwa akaingia mwezi wa Januari 1962. Hapa kisiwani Fort Jesus ilikuwa jela tangu 1895 hata 1958. Hatuwezi kusema kuwa wote waliopita mlango ule walikuwa wezi.

Wala si mambo ya Mkoloni peke yake. Waulizeni jirani zetu wa Mji wa Kale. Mtu amezaliwa Kibokoni, baba yake amezaliwa Kibokoni, lakini kwa kuwa jina lake ni la Kiarabu au la Kisomali, akienda kutafuta kitambulisho huulizwa cheti cha babu. Ndugu zetu wa mipakani waliwekewa kamati za kuwachuja, mpaka Rais alipotangaza mwezi wa Februari 2025 kuwa zimefutwa. Mtu aliyeonja mchujo wa namna hiyo hawezi kufurahi akisikia kuwa mgombea wake atapelekwa mbele ya wapelelezi.

Tena tukumbuke Desemba 2010. Waziri George Saitoti alisoma Bungeni majina ya wabunge waliokuwa wakichunguzwa kwa biashara ya dawa za kulevya, mmoja wao akitoka hapa Mombasa. Mwaka uliofuata ripoti ya polisi ikasema haukupatikana ushahidi wa kuwashitaki. Basi nani aliyefaidika? Kama walikuwa safi, majina yao yalikwisha kupakwa matope. Na mwananchi hakupata kujua lolote la hakika.

Nchi nyingine nazo zina shida hii. Huko Marekani mjumbe wa Kongresi hachunguzwi na wapelelezi ili ashike kiti chake, kuchaguliwa kwatosha. Kule Kanada, mwaka 2024, kiongozi wa upinzani Pierre Poilievre alikataa kuchunguzwa ili asomeshwe siri za Serikali, akisema zingemfunga mdomo asiweze kuisuta. Watu wa huko walibishana kama sisi.

Basi sisi twasemaje? Twaona kosa limo katika kuchanganya kazi mbili. Kazi moja ni kukagua, na nyingine ni kukataza. Fundi wa mabehewa hupita na nyundo yake akigonga kila gurudumu, asikie mlio. Hagongi magurudumu ya behewa asilolipenda tu. Akisikia ufa huandika kitabuni, na dereva husoma. Kazi yake ni kusikia na kuandika, wala hapangi safari.

Kwa hiyo twapendekeza haya. La kwanza, kila mgombea, wa chama tawala na wa upinzani, atoe vidole vyake kumi kama sisi, na hukumu zake za mahakamani, kodi zake na mali yake ziandikwe. La pili, yaandikwe mambo yenye ushahidi tu. Minong'ono ya wapelelezi isiingie. La tatu, yabandikwe ubaoni katika kila wadi miezi mitatu kabla ya kura, na mgombea apewe nafasi ya kujibu chini yake. La nne, kumzuia mtu asisimame ibaki kazi ya mahakama, lakini kesi hizo ziwekewe siku ya mwisho, rufani na zote, kabla karatasi za kura hazijapigwa chapa. La tano, Idara ya Ujasusi isipewe kura ya turufu juu ya mtu yeyote, maana leo itamzuia mwizi na kesho itamzuia Kibachia.

Wako watakaosema kuwa mpiga kura akipewa mia mbili hatasoma ubao. Wengine hawatasoma, ni kweli. Lakini hatuwezi kumlaumu mtu kwa kuchagua vibaya wakati habari zimefungiwa katika makabati ya Nairobi.

Mwisho twasema na nafsi zetu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Si haki tuyadai hayo kwa waheshimiwa na viongozi wa tawi letu wasiyatimize. Twatoa shauri kwamba kabla ya uchaguzi wa tawi kila anayesimama, pamoja na sisi tunaoandika gazeti hili, abandike cheti chake cha tabia njema na hesabu ya fedha za chama alizopata kuzishika. Shauri hili litaletwa katika mkutano mkuu wa tawi. Njoni mlipigie kura, na asiyekubaliana nalo aje pia aseme sababu zake.

Umoja ni nguvu.