Msimwinue Kwanza

Katika chuo cha ualimu nilikosomea, mwanzoni mwa miaka ya 1970, huduma ya kwanza tulifundishwa ubaoni. Mkufunzi aliandika namna za kumbeba majeruhi, sisi tukanakili. Nilipata alama nzuri.

Mwaka 1988, nikiwa mwalimu mkuu, mvulana wa darasa la sita alianguka kutoka juu ya mwembe nyuma ya jiko la shule. Nilifika nikihema, nikaamuru, "Mwinueni upesi!" Wanne wakamshika, huyu mkono, yule mguu, kichwa kikining'inia, wakamtia kwenye pikapu. Hakutembea tena. Daktari aliniambia hakuna awezaye kujua kama uti wa mgongo uliumia pale chini au mikononi mwetu. Alisema hivyo ili anifariji. Sijafarijika hadi leo.

Ndiyo maana nakasirika nikiambiwa shule fulani inafundisha huduma ya kwanza, kisha nikienda nakuta chati ukutani. Somo la kwanza la kubeba ni kutobeba, nalo ndilo lisilotiliwa mkazo. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na gari aangaliwe kama anapumua, kisha aachwe alivyolala, mmoja akishika kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike. Kama moto unakuja, au maji, au yuko katikati ya barabara, hapo avutwe, tena kwa kunyooka, asipindwe.

Naambiwa, "Mwalimu, huku kwetu gari la wagonjwa haliji, tukimwacha atafia hapo." Najua. Sisemi asibebwe. Nasema ung'olewe mlango wa darasa. Watu watano au sita wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawa, alazwe juu ya mlango, afungwe kwa kanga. Ni kazi ya dakika chache. Kumkunja kwenye bodaboda, kati ya dereva na ndugu anayemshikilia kwa nyuma, ni upesi zaidi, na ndivyo tufanyavyo siku hizi.

Tena mlango si tatizo. Kinachotushinda ni ukubwa wetu. Anayeshika kichwa ndiye mtoa amri: moja, mbili, tatu, geuza. Kama aliyewahi kichwani ni mtoto wa darasa la tano, basi mwalimu mkuu aliyeko miguuni amtii. Nilipolisema hilo katika semina ya walimu, walicheka. Mmoja akauliza tangu lini mtoto akamwamrisha mkubwa. Huyo, akitokea mtoto chini ya mwembe, atapiga kelele kama nilivyopiga mimi.

Vyuo vya ualimu vitenge alasiri mbili nje, kwenye nyasi. Kila mwanachuo alazwe, ageuzwe, abebwe, aonje mwenyewe jinsi kichwa kinavyoyumba wabebaji wasipopatana. Mtihani uwe wa mikono, na asiyeweza asipewe cheti. Wakufunzi watasema ratiba imejaa. Basi wapunguze mchakamchaka.