Picha au Video Fupi?



Juma hili tumeletewa swali na dada mmoja ashonaye mabuibui nyumbani kwake. Alitoa shilingi 2,000 katika mtaji wake, akalipia tangazo la video Instagram. Video ilitazamwa sana, hata wanawe wakashangilia. Aliyepiga simu kuulizia buibui hakuwako. Sasa auliza kama si bora arudie picha alizozizoea.

Tuliitazama video hiyo. Sekunde nyingi za mwanzo ni jina la duka likizunguka, na bei haimo kabisa. Tukumbuke kuwa video katika mitandao hii hujiendesha yenyewe mtu anapopitisha kidole, na katika taarifa wanazopewa walipaji wa matangazo ya Facebook na Instagram, moja ya hesabu ni ya waliofikia sekunde tatu tu. Sekunde tatu ni mpita njia aliyegeuza shingo, hajaingia dukani.

Picha, kwa upande wake, hula data kidogo, hubeba bei na namba ya simu kwa mtazamo mmoja, na ni rahisi kumpelekea dada au mume kwa WhatsApp na kumwuliza, “Waionaje hii?” Kwa udi, halua au vyombo, sisi twaona picha safi yatosha.

Lakini buibui ni jambo jingine. Hofu ya mnunuzi ni kitambaa kionyeshacho mwili kikipigwa na jua, na hofu hiyo picha haiwezi kuiondoa. Video ya sekunde kumi yaweza: mkono mmoja ukishika kitambaa dirishani mbele ya mwanga, wa pili ukipita nyuma yake usionekane. Uso wa muuzaji hauna haja ya kutokea. Bei iandikwe tangu mwanzo, kwa sababu wengi hutazama bila sauti. Mama anayenyonyesha usiku wa manane hafungui muziki. Na rangi ising'arishwe kwa programu, iwe picha au video, kwani kufanya hivyo ni kuficha ila ya bidhaa, na hukumu yake twaijua.

Tulimshauri dada yetu asichague kwa kukisia. Atangaze buibui lile lile, kwa bei ile ile, picha kwa shilingi 500 na video kwa shilingi 500, siku zile zile na kwa watu wa mji ule ule. Kila apigaye simu aulizwe ameona lipi, na jibu liandikwe daftarini. Waliotazama asiwahesabu, ahesabu waliolipa.

Amekwisha kupiga video mpya, dirishani, mpwa wake akimshikia simu. Daftari ameahidi kutuletea baada ya wiki mbili, inshaallah.