Miguu Iliyokwisha Kuoshwa

Wazee wa parokia yetu wataniwia radhi, lakini nitasema. Kila Alhamisi Kuu tunateua watu 12 waoshwe miguu, na kila mwaka ni walewale: mwenyekiti, mweka hazina, wafadhili. Mwaka mmoja nilikuwamo. Nilijisugua visigino nyumbani kwa sabuni na jiwe, nikavaa soksi mpya. Padri akanimwagia maji kidogo, akanifuta. Uchafu haukuwapo. Sasa hiyo ni huduma gani?

Katika Yohana sura ya 13 Yesu aliosha hata miguu ya Yuda. Mwaka 2013 Papa Fransisko aliyaacha makanisa makubwa ya Roma, akaenda gereza la vijana la Casal del Marmo, akaosha miguu ya wafungwa 12, wakiwamo wasichana na Waislamu. Wako Wakristo waliokasirika!

Nyuma ya kanisa letu yupo bibi aliyepooza. Anayemwogesha na kumgeuza kitandani ni jirani yake, muuza maandazi, ambaye jina lake tumelikata kwenye daftari la jumuiya kwa ajili ya zaka. Nami nimeupita mlango ule mara nyingi, nikiwahi kikao cha kamati ya huduma.