Walikubali yaishe, mbona hayaishi?

Pita Mjambere asubuhi ya siku yoyote ya kazi, kabla jua halijakuwa kali, uangalie vijana wanaosubiri matatu ya kuvuka kwenda mjini au kuelekea Bamburi na Shanzu. Utawajua wanaotafuta kazi. Shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa vumbi, na mkononi kuna bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mna nakala ya kitambulisho, cheti cha KCSE kwa aliyebahatika kukimaliza, barua ya chifu, pengine na cheti cha kozi ya umeme au upishi.

Kwa baadhi yao kinachokosekana ni karatasi moja tu: cheti cha tabia njema, ile mtaani tunayoiita "good conduct". Sh1,050 za kuomba kupitia eCitizen ni nyingi kwa mtu asiye na kibarua, lakini si hizo peke yake zinazowazuia. Wanajua wakiweka vidole kwenye wino, jambo la zamani litafufuka.

Meza hii ya vijana inasema wazi: rekodi ya zamani isiwe kifungo cha maisha. Mwajiri ana haki ya kujua anamwajiri nani. Hana sababu ya kumhukumu mara ya pili mtu ambaye mahakama ilishamalizana naye.

Hebu tuanze na jinsi rekodi zenyewe zinavyopatikana, maana wengi wanaozungumzia "wahalifu" hawajawahi kufika kortini hata siku moja. Chukua mfano wa barobaro wa miaka 19. Kumefanywa msako jioni, yeye na wenzake wamekutwa maskani, na mfukoni mwake kuna msokoto mmoja wa bangi. Analala seli. Asubuhi anapelekwa kortini, hana wakili na hana ndugu wa kumwekea dhamana. Mtu aliyekaa naye seli anamwambia kwa sauti ya chini: "Wewe kubali tu, yaishe. Utapigwa faini, urudi nyumbani." Anakubali. Familia inachanga, faini inalipwa, jioni yuko kwao anakula.

Kwake yeye yameisha, ila kwenye daftari la serikali ndio kwanza yameanza. Miaka minane baadaye, akiwa na mke na mtoto, anaomba kazi ya udereva. Beji ya NTSA ya dereva au makanga wa gari la abiria haitoki bila cheti cha tabia njema. Akitaka kazi ya ulinzi, wanakitaka. Akitaka kwenda Saudia au Qatar kama walivyoenda vijana wengi wa Pwani, ajenti atakidai kabla ya kitu kingine. Kwa hivyo milango mitatu ambayo kijana wa Kisauni huikimbilia kwanza, yaani gari, lindo na Ghuba, yote ina kufuli moja.

Shida ya karatasi hii ni namna inavyosomwa. Maombi hufanywa mtandaoni, kisha mtu huenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole, na alama hizo hulinganishwa na rekodi zilizoko Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Jibu likija lina kosa ndani yake, ofisi nyingi hazisomi zaidi ya hapo. Haziulizi ni kosa gani, mtu alikuwa na umri gani, wala amefanya nini miaka yote iliyofuata. Aliyepatikana na msokoto mmoja na aliyevamia watu kwa panga wanawekwa kapu moja, na bahasha zote mbili zinatupwa.

Na hapa ndipo tunataka wasomaji wetu wasikilize vizuri, kwa sababu kuna haki ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ya 2007 ilifanyiwa marekebisho. Mwajiri hatakiwi tena kumdai mtafuta kazi vyeti vya uidhinishaji, kikiwemo hiki cha polisi, mpaka awe amekusudia kumpa mkataba wa kazi. Kwa lugha ya mtaani: niite kwenye mahojiano kwanza, nipime kazi, uniambie unanitaka, halafu ndipo uniulize karatasi.

Lengo kubwa la marekebisho hayo lilikuwa kumpunguzia kijana gharama za kukimbizana na vyeti chungu nzima kabla hata ya kujua kama ataitwa. Lakini yana faida nyingine isiyosemwa sana. Mwenye rekodi anapata nafasi ya kuonekana kama mtu kabla hajaonekana kama kosa. Mwajiri aliyekwisha kuona jinsi unavyoshika waya, unavyokata mboga au unavyozungumza na mteja, atakisoma cheti chako kwa jicho tofauti.

Sasa tazama matangazo ya kazi yanavyobandikwa. Mengi bado yanaweka cheti cha tabia njema kwenye orodha ya kwanza kabisa ya vitu vya kuambatisha. Sheria iko, ila ni kama haiko. Wanaotafuta kazi hawathubutu kuidai maana mwenye shida hana sauti, na wanaotoa kazi hawasumbuki kuisoma.

Tunajua kuna watakaosema: ninyi mnatetea wahuni. La. Sisi tunaishi hapa hapa. Tunakumbuka miaka ambayo majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao yalifanya watu wa Kisauni wafunge maduka mapema, na wazazi wawahimize watoto wawe ndani kabla ya giza. Kuna watu wetu wana makovu ya mapanga mpaka leo, na wengine walizikwa. Mwenye duka aliyewahi kuporwa ana kila sababu ya kuogopa, na hatutamwambia hofu yake ni upuuzi.

Ndiyo maana hatusemi kila rekodi ifumbiwe macho. Kosa lililomgusa mtoto halina mjadala pale kazi inapohusu watoto. Aliyeiba fedha za mwajiri mwaka jana hawezi kushangaa akinyimwa funguo za sefu mwaka huu. Lakini hayo ni maamuzi yanayohitaji mtu kukaa chini na kufikiri. Kosa lilikuwa lipi? Ni la lini? Lina uhusiano gani na kazi yenyewe? Tangu hapo amefanya nini? Maswali manne tu, na hayachukui hata robo saa. Wizi wa kuku wa miaka kumi iliyopita una uhusiano gani na kupaka rangi ukuta wa hoteli?

Mwajiri anayeogopa pia ajiulize swali jingine. Kijana huyu akikosa kazi kwangu, kwa jirani na kwa mwenzake wa tatu, nani atampokea? Mtaani jibu linajulikana. Yuko mtu ambaye hatamwuliza cheti, na tena kwake yeye rekodi ndiyo sifa. Atampa simu, atampa nauli, atampa kazi ya usiku. Kila bahasha tunayoitupa bila kuisoma, huyo anaiokota. Halafu panga likipita tena mtaani tunashangaa limetoka wapi.

Kuna kinaya kingine hapa Mombasa. Pale Shimo la Tewa, kabla ya daraja la Mtwapa, serikali ina gereza na pia taasisi ya Borstal ya wavulana waliokosana na sheria kabla ya kutimiza miaka 18. Borstal mtu anaweza kukaa hadi miaka mitatu, na nia yake kisheria ni mafunzo na kurekebishwa. Katika magereza yetu wafungwa hufundishwa useremala, ushonaji na uashi, wengine wakafanya hata mitihani ya ufundi ya serikali. Kodi yetu ndiyo inayolipia. Sasa kama mkono mmoja wa serikali unamfundisha mtu kazi na mkono wa pili unampa karatasi inayomnyima kazi hiyo hiyo, pesa zetu zimefanya nini?

Kwa watoto, nchi ilishaanza kuelewa. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza hata maneno ya kutiwa hatiani na hukumu ya adhabu kutumika kwa mtoto kama kwa mtu mzima, na ile ya 2022 ikapandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12. Wazo ni lile lile: mtu anakua, anabadilika. Lakini wazo hilo halifai kukatika ghafla siku unapotimiza miaka 18, kana kwamba akili ya mtu mzima hushuka usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa.

Na wakubwa je? Soma Kifungu cha 99 cha Katiba ya 2010. Miongoni mwa mambo yanayomzuia mtu kuwania ubunge ni kuwa chini ya kifungo cha miezi sita au zaidi wakati wa kujiandikisha kuwa mgombea au wakati wa uchaguzi wenyewe. Ukishamaliza kifungo chako, kipengele hicho hakikugusi tena. Basi ikiwa Katiba inaweza kumpima anayetaka kututungia sheria kwa hali yake ya sasa, kwa nini anayetaka kulinda geti apimwe kwa hali yake ya mwaka ule?

Wenzetu walishapita njia hii. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 inayofanya makosa mengi ya zamani yahesabiwe kuwa yamekwisha baada ya muda fulani bila mtu kurudia. Afrika Kusini inamruhusu mtu kuomba rekodi ya makosa fulani ifutwe baada ya miaka 10. Huko Marekani, jimbo la Hawaii liliamua mwaka 1998 kwamba mwajiri asiulize rekodi mpaka awe ameshampa mtu ahadi ya kazi, na hata hapo lazima kosa liwe na uhusiano na kazi. Nchi hizo hazikugeuka mapango ya wezi. Zilitambua tu kwamba mtu asiyeona mwisho wa adhabu hana sababu ya kubadilika.

Kwa hiyo tunaomba haya.

Waajiri wa Mombasa, kuanzia mahoteli ya Shanzu na Bamburi, viwanda vya Changamwe, hadi maduka ya mtaani, wafuate sheria ya 2022: ondoeni cheti cha polisi kwenye orodha ya mwanzo. Kikija na doa, mwiteni mhusika aeleze kwa mdomo wake kabla ya kuamua. Wengi wetu tuliowahi kusikiliza maelezo hayo tumekuta mtu aliye makini zaidi kazini, kwa sababu anajua hana nafasi ya pili ya kuchezea.

Serikali ya Kaunti iwe mfano. Ndiyo yenye vibarua vya usafi, mitaro na masoko. Ianze kwa kuandika waziwazi katika matangazo yake kwamba rekodi ya zamani haimzuii mtu kuomba.

Bunge litupe sheria inayosomeka na mtu wa kawaida, inayosema makosa madogo yanafutika baada ya miaka mingapi, nani anaomba na kwa ofisi gani. Isiwe jambo la mwenye wakili au mwenye kujuana na mtu.

Na wewe kijana mwenzetu, tuambiane ukweli. Kwanza, usikubali kosa ambalo hukulifanya eti yaishe. Uliza karani wa korti kuhusu msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria iko tangu 2016. Hata ukiwa umekosa kweli, kumbuka mahakama ina uwezo wa kumwachilia mtu bila adhabu, kwa masharti au bila masharti, au kumweka chini ya afisa wa probesheni, kwa hiyo jieleze badala ya kunyamaza. Pili, ukiulizwa na mwajiri, usidanganye. Sema ilikuwa nini, ilikuwa lini, na umefanya nini tangu hapo. Weka barua ya fundi uliyemfanyia kazi, ya imamu au mchungaji, ya mzee wa mtaa. Uongo ukigunduliwa kazini, hata sisi hatutakuwa na la kukutetea.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kijana aliyevunjikiwa akiwa na miaka 19 bado ana miaka arobaini ya kufanya kazi mbele yake. Kesho asubuhi atakuwa kituoni tena na bahasha yake. Anayeipokea aifungue, aisome yote, kisha ndipo aamue.